UZI: Kabla hujapiga wax, jua kwanza umekanyaga nini (tarazo, niru, vigae, chokaa, mbao)

FundiWaChumbageni

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni sakafu, niko Tanga. Nasaga tarazo, napiga niru, natandika vigae, na mbao nazifanya zinapokuja. Uzi huu nauleta kwa sababu nyumba nyingi ninazoitwa hazina sakafu mbovu, zina sakafu iliyoharibiwa na usafi. Mtu kanunua chupa dukani, kamwaga, kasugua, sakafu imefubaa, kaenda kununua nyingine kali zaidi. Inaniuma, kwa sababu tarazo ya zamani iliyokaa miongo bila ufa inaweza kuharibika asubuhi moja.

Anza na swali hili: umekanyaga nini? Tarazo ni saruji na vipande vya marumaru. Niru ni saruji laini inayopigwa juu ya zege. Grauti ya kawaida katikati ya vigae ni saruji. Sakafu za kale za pwani ni chokaa. Marumaru yenyewe, ile ya jiwe, ni ndugu wa chokaa. Zote hizi asidi inazila. Siki, ndimu, ukwaju, soda, na zaidi ya vyote ile asidi ya kusafishia choo, zikigusa sakafu ya namna hii unaona povu jembamba linachemka. Watu wanafurahi, wanasema uchafu unatoka. Lile povu ni hewa ya kaboni, na inayoyeyuka pale ni sakafu yako.

Upande wa pili kuna vigae vya kiwandani vilivyochomwa kwa moto mkali, na graniti. Hivyo siki haivifanyi kitu. Ila kumbuka vimezungukwa na grauti, na grauti inayeyuka.

Kama umepanga nyumba na hujui chini kuna nini, nenda nyuma ya mlango, weka tone la siki, hesabu dakika moja, futa kwa maji, kisha inama utazame kwa mwanga wa pembeni. Likitoa povu au likiacha duara lisilong'aa, asidi ni haramu nyumba nzima. Halafu weka tone la maji pembeni yake na uliache dakika tano hadi kumi. Likikaa juu kama shanga, sakafu imezibwa. Likinyonywa na kuacha kivuli, sakafu iko wazi, na mafuta ya kupikia yatanyonywa vilevile.

Kwa tarazo, matunzo ya kila siku ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Fagia kwanza, tena fagia kweli, kwa ufagio laini. Mchanga wetu una chembe ngumu kuliko marumaru kwa mbali, kwa hiyo kila kiatu kinachoburuta mchanga ni msasa. Weka zulia la kufutia miguu nje na lingine ndani ya mlango. Kisha piga deki kwa maji na sabuni ya maji kidogo, isiyo na ukali wowote, halafu rudia kwa maji matupu ndoo ya pili. Ndoo ya pili ndiyo wengi wanairuka. Sabuni isiyosuuzwa inabaki utando, utando unashika vumbi, mtu anaona sakafu imekuwa nzito na kijivu, anaongeza sabuni. Hapo ndipo safari ya kuelekea kwenye asidi inapoanza.

Na hili naliandika peke yake: usichanganye jiki na asidi ya choo, wala jiki na dawa yenye amonia. Jiki ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini, inachoma mapafu, na bafu zetu ni ndogo, dirisha lenyewe kiganja. Ikikutana na amonia hewa inayotoka nayo ni ya sumu. Kama umeshamwaga moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine usiilete siku hiyo.

Niru na unyevu nitaviandikia bandiko lake. Karibuni maswali.

---

Mama Nasra

Shikamoo fundi, kama umri unaruhusu. Umenigusa. Tuko Upanga, ghorofa ya zamani, sebule nzima ni tarazo nyeupe yenye vipande vyeusi na kijani. Binti wa kazi aliona madoa ya chai karibu na meza akamwaga ile ya chooni. Sasa pana kiraka kama mita moja, kimeparuza, hata mguuni unakisikia. Fundi mmoja kaja, anasema abomoe aweke tailizi. Kuna njia nyingine?

---

FundiWaChumbageni

Marahaba dada. Usibomoe, nakuomba. Unene wa tarazo iliyomwagwa mahali pake kwa kawaida ni sentimita moja na zaidi kidogo, na asidi imekula ngozi tu. Huko chini vipande vyako vya kijani viko salama.

Unachokisikia mguuni ni hiki: saruji na marumaru vimeliwa, na vile vipande vya jiwe lisiloliwa upesi vimebaki vimesimama. Hapo wax haitasaidia, sila haitasaidia (sila ndiyo ile dawa ya kuziba vitundu). Panasagwa.

Mwulize fundi ataanza na jiwe la kusagia namba ngapi. Namba ndogo ndiyo kali. Tarazo mpya inaanzwa na 36 au pungufu kwa sababu mawe bado yamefunikwa na saruji. Yako ilishasagwa zamani. Kwa kiraka kilichoparuza, aanze na 120, akiona hakishuki arudi 60, kisha apande: 120, 220, 400, na 800 ukitaka ing'ae kama kioo. Kila jiwe linafuta mikwaruzo ya lililotangulia, kwa hiyo akiruka namba utaiona mikwaruzo jua la saa kumi likiingia dirishani, na hapo ameshalipwa. Apanue eneo taratibu zaidi ya kiraka, la sivyo utabaki na shimo lenye mng'ao.

Asage kwa maji. Ukimwona anasaga kavu, msimamishe. Vumbi la saruji na mawe likiingia mapafuni halitoki, litamdhuru yeye kwanza halafu wewe na watoto. Ule uji wa kijivu unaotoka unaunguza ngozi, avae glavu na buti, na usimwagwe kwenye sinki wala bomba la maji machafu kwa sababu unaganda. Auache utulie kwenye ndoo, maji ya juu yamwagwe nje mahali pasipo na mimea, tope likikauka litupwe.

Vitundu vikifunguka wakati wa kusaga, avijaze kwa saruji nyeupe iliyokorogwa nzito, aache ikomae siku kadhaa, ndipo aendelee na mawe laini. Mwisho ikauke kabisa, kisha sila ya kuingia ndani, siyo ile inayokaa juu kama varnishi. Ya ndani haibadilishi sura na haichubuki. Lakini elewa, sila inazuia doa la kunyonywa tu. Ndimu ikidondoka itaunguza vilevile, kwa hiyo inafutwa hapohapo.

Na madoa ya chai yakirudi, au mafuta: changanya unga wa chaki au poda na baking soda, tia maji uwe uji mzito, paka unene wa kidole juu ya doa, funika kwa nailoni, bandika kingo kwa utepe wa gundi wa karatasi, kesho yake fungua nailoni uache ukauke wenyewe. Ukikauka unanyonya doa kulitoa juu. Doa sugu linahitaji kurudiwa.

---

Kijana wa Tudor

Fundi heshima yako. Nasoma kutoka Mombasa. Nyumba ya mzee wangu iko na sakafu ya simiti ya rangi nyekundu, ile ya oksidi, ilipigwa zamani. Kila mvua za masika inatoa kitu cheupe kama unga, haswa karibu na kuta. Tunadeki, inaenda, kesho imerudi. Mwaka jana tulipaka rangi ya epoksi, imefura malengelenge na kubanduka vipande vipande. Duka lilituambia tulipaka vibaya. Shida ni nini?

---

FundiWaChumbageni

Kaka, ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia zege la jamvi, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye saruji na mchanga, yakifika juu yanakauka na kuiacha chumvi pale. Kama mchanga wa ujenzi ulitoka ufukweni, chumvi ni nyingi zaidi, na chumvi yenyewe inavuta unyevu. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni nzito chini ya jamvi. Epoksi ni ngozi isiyopitisha kitu. Maji yalipokosa njia yakaisukuma. Hata angepaka fundi bora wa pwani nzima, ingefura.

Kwanza thibitisha. Kata nailoni safi mraba wa nusu mita, ibandike sakafuni pande zote nne kwa utepe mpana wa gundi, isiache mwanya, iache usiku kucha hadi kesho yake. Fungua. Ukikuta matone upande wa chini na sakafu imekuwa nyeusi, maji yanatoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu tu, ni joto na mvuke wa chumba, fungua madirisha. Fanya karibu na ukuta na katikati ya chumba, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Halafu acha kudeki ule unga. Ukimwaga maji unaiyeyusha chumvi, inarudi ndani, kesho inatoka. Ifagie kavu kwa brashi ngumu, izoe, itupe nje.

Kisha toka nje ya nyumba, maana huko ndiko tatizo linakoanzia. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Tazama kama udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani, jambo la kawaida mitaa ya zamani kwa sababu barabara na nyua zinainuliwa kila mara. Tazama kama kuna bomba linalovuja au shimo la maji machafu karibu na ukuta. Weka mfereji wa paa, chimba udongo ushuke, mteremko uelekee mbali na nyumba. Nimeona sakafu zikikauka kwa kazi ya nje peke yake, ndani hakijaguswa kitu.

Ikishatulia, kwangura epoksi yote, na usiirudishe. Sakafu ya saruji isiyo na nailoni chini inahitaji kupumua. Ipo dawa ya maji ya silikati, inaingia ndani na kuungana na chokaa iliyomo kwenye saruji, inaifanya iwe ngumu na isitoe vumbi, bila kuweka ngozi juu. Oksidi nyekundu haichuji, ni kutu ya chuma iliyosagwa, jua na sabuni haviitoi. Ukitaka mng'ao, nta nyembamba iliyosuguliwa vizuri baada ya hapo inatosha.

---

Bibi Mlezi

Sisi tulilelewa na mafuta ya taa. Kitambaa, mafuta ya taa kidogo ndani ya maji, sakafu ya niru inang'aa na sisimizi hawasogei. Mbona hamuyataji?

---

FundiWaChumbageni

Shikamoo bibi. Najua, hata nyumbani kwetu yalitumika, na ni kweli yanang'arisha. Yanang'arisha kwa sababu yanaacha utando wa mafuta. Utando huo unateleza, unashika vumbi, na siku ukitaka kupaka sila au rangi, au kutandika vigae kwa gundi, hakuna kinachoshika mpaka uparue ngozi yote. Na kuna moto: jiko la mkaa liko hapohapo chini. Zaidi ya hayo, mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya maji ni moja ya sumu zinazowapeleka watoto wetu hospitali. Kwa sisimizi, ziba nyufa na ukuta unapokutana na sakafu, fagia makombo kabla ya kulala.

Kwa kuwa tumeigusa niru: ikitoa vumbi kila ukifagia, chanzo ni siku iliyopigwa. Maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au ilikauka kwa jua bila kumwagiliwa. Saruji haikauki ili iwe ngumu, inakunywa maji ili iwe ngumu, kwa hiyo inatakiwa ibaki na unyevu siku saba angalau. Funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni. Na niru ipigwe wakati zege la chini bado bichi. Ikipigwa juu ya zege lililokwisha kukauka, bila kulichimba na kulilowesha, itabanduka kama ganda, na ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia mlio wa kitu kitupu. Ganda lile halirekebishwi kwa dawa. Linakwanguliwa.

---

Mkaazi wa Malindi, Unguja

Assalaam alaykum. Mie nataka kuongeza habari za chokaa, kwa sababu huku Mji Mkongwe tunaona nyumba zinakufa. Ghorofa zetu za asili ni boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha kifusi na chokaa kilichopondwa na kupondwa kwa vipande vya mbao mpaka kikashikana. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu zaidi ya hapo. Sasa mtu ananunua nyumba, anaona sakafu ina ufa, anamwaga saruji juu halafu tailizi. Uzito unazidi, na saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji ya mvua yakipenya hayana pa kutokea, yanakaa juu ya boriti, boriti zinaoza kwa ndani na juu sakafu inaonekana nzuri tu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, lakini ndani ya majumba watu wanafanya wapendavyo.

Sakafu ya chokaa inarekebishwa kwa chokaa. Ufa unapanuliwa kidogo, unasafishwa vumbi, unaloweshwa, unajazwa chokaa na mchanga, unapondwa, unafunikwa usikauke haraka. Kinakomaa polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, kwa hivyo anayetaka kuhamia wiki ijayo atapata tabu. Kusafisha ni ufagio na kitambaa kilichokamuliwa. Ndoo za maji hapana.

---

FundiWaChumbageni

Waalaykum salaam. Ahsante sana, haya nilitamani yaandikwe na mtu wa huko. Wenye nyumba za kale someni bandiko hili mara mbili kabla ya kuita lori la saruji.

---

Niko Kigali

Nami niongezee ya udongo, maana wengi bado wanaishi juu yake. Huku Rwanda kuna shirika linaitwa EarthEnable linalojenga sakafu za udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha juu zinapakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa ngozi ngumu. Unafagia, unapiga deki, haitoi vumbi, na funza hawana pa kukaa. Gharama ni ndogo kuliko ya saruji. Miguu ya meza inawekewa vipande vya mpira ili isitoboe, na mkwaruzo ukitokea unapakwa mafuta tena mapema kabla maji hayajaingia.

---

FundiWaChumbageni

Safi. Hapo niongeze tahadhari moja kwa yeyote anayepaka mafuta ya namna hiyo, iwe kwenye udongo au mbao, hasa mafuta ya kitani: vitambaa vilivyolowa usivikunje na kuvirundika pembeni. Mafuta yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au viloweshe maji kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko.

---

Abu Salma, Maskati

Nawasoma kutoka Oman. Huku marumaru ya jiwe iko kila nyumba, nchi inaichimba yenyewe, na vumbi la jangwani haliishi. Nathibitisha la mchanga. Mlangoni kwetu palikuwa pamepauka njia nzima, vyumbani panang'aa. Tumeweka zulia refu na viatu vinabaki nje. Swali langu ni vigae vya bafuni. Wazee wangu wanateleza, na muuzaji kaniambia nipake sila.

---

FundiWaChumbageni

Usipake. Kigae cha poselini kinanyonya maji chini ya asilimia 0.5, sila haina pa kuingia, itabaki juu na kuongeza utelezi. Kinachozibwa ni grauti tu, na hiyo isubiri siku tatu baada ya kujazwa, ikauke vizuri. Grauti ya epoksi haihitaji hata hiyo.

Kwa wazee, toa kwanza utando wa sabuni na mafuta ya nywele kwa maji ya moto, sabuni na brashi, maana mara nyingi kinachoteleza ni utando. Maji yenye chumvi nyingi yanaacha magamba meupe kwenye vigae, kwa hiyo kausha kwa mpira wa kufutia maji kila baada ya kuoga. Vishikio ukutani, mkeka wa mpira wenye vinyonyo chini, na ukifanya ukarabati chukua vigae vidogo visivyong'aa. Vigae vidogo vina mistari mingi ya grauti, na mguu unashika pale.

---

Mwalimu Ephraim

Fundi, umeahidi mbao. Nyumba ya shirika ninayokaa Lushoto ina sakafu ya mninga, imekuwa nyeusi mlangoni na varnishi imekatika. Mtunza nyumba anapiga deki kila asubuhi.

---

FundiWaChumbageni

Mwalimu, deki ya maji ikome leo. Ufagio laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Weusi wa mlangoni ni maji yaliyopita pale varnishi ilipokatika.

Mninga ni mbao ya heshima, hautikisiki sana kwa unyevu, na ukiwa wa ubao mzima unaweza kusagwa tena na tena. (Ile ya kisasa ya laminati haisagwi, juu ni picha tu, na ikinywa maji inavimba kingo, inabadilishwa.) Tembea chumba kizima kwanza, kanyaga, sikiliza. Ubao unaocheza ufungwe, kichwa cha msumari kizamishwe, mchwa watafutwe kwa bisibisi kwenye kingo za ukuta. Kisha msasa 40 au 60 kufuata urefu wa ubao, 80, halafu 120. Fyonza vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri. Varnishi ya poliyurethani mikono mitatu, kila mkono ukauke siku nzima kama ni ya mafuta, katikati yake msasa mwembamba wa kugusa tu. Usipake siku ya ukungu, na Lushoto mnao mwingi, varnishi itakuwa nyeupe kama maziwa. Subirini wiki kavu.

Ule mwanya kati ya ubao na ukuta, uliofichwa na mbao ya pembeni, usijazwe. Mbao zikivimba kwa mvua zinahitaji pa kwenda, zikikosa zitainuka katikati ya chumba.

---

Mama Nasra

Fundi, mrejesho. Yule wa kubomoa nimemkatalia. Nimepata mzee mmoja Kariakoo mwenye mashine, nimemuuliza jiwe namba ngapi, akaniambia 120 kabla sijamaliza kuuliza. Anaanza Jumamosi. Sila nimwambie aweke lini?

---

FundiWaChumbageni

Huyo ni fundi. Akimaliza jiwe la mwisho asuuze mpaka maji yatoke safi, iachwe ikauke siku mbili au tatu madirisha wazi, kwa joto la Dar inatosha. Weka nailoni ya majaribio kabla ya kupaka. Ikibaki kavu, apake sila kwa kitambaa, asubiri kama chupa inavyoelekeza, na kinachobaki juu akifute chote kabla hakijaganda. Kesho yake rudia tone la maji, sebuleni na pale palipokuwa na kiraka. Likinyonywa mahali popote, apake mkono wa pili hapo.